Bi harusi aliyekakamaa: uchambuzi wa kisa cha mkao studioni, kuanzia miguu iliyofichwa na gauni

Bi harusi ameletwa kwenye studio moja ya Mombasa saa tisa alasiri, siku moja kabla ya kupamba, yaani sherehe ya kumpamba bi harusi. Amefuatana na somo wake, yaani kungwi wake, na shangazi mmoja. Hina na piko vimechorwa tangu ncha za vidole hadi karibu na viwiko. Gauni ni la lesi nyeupe na linafika sakafuni, mtandio umefunika nywele, na shingoni mna seti nzima ya dhahabu. Mpiga picha ni mwanamke, kama familia ilivyotaka. Chumba kina upana wa mita 3, urefu wa mita 4.5, na dari lipo mita 2.7 kutoka chini. Vifaa havina neno: kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 50 na nyingine ya 85, flashi ya studio yenye softboksi (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga) ya sentimita 90, karatasi ya kijivu kwa nyuma, na ubao mweupe wa kurudisha mwanga.

Seti ya kwanza ilipofunguliwa kwenye skrini, shangazi alitazama picha tatu nne akasema, “Mbona amekakamaa?” Alikuwa na haki. Msichana aliyeingia studioni akitembea vizuri na kucheka na somo wake, kwenye picha alikuwa mtu mwingine.

Picha za namna hii zipo kwenye albamu nyingi za harusi, na lawama huangukia kwa bi harusi: ana haya, hajazoea kamera, hana pozi. Tukizifuata picha zenyewe tunaona jambo jingine. Mkao ulijengwa kuanzia juu, na kila marekebisho yalifanywa mahali ambapo kosa lilionekana, si pale lilipoanzia.

Seti ya kwanza

Alisimamishwa katikati ya chumba, akaambiwa atazame kamera, ashike mikono mbele, atabasamu. Visigino vilikuwa sambamba, magoti yamekazwa, uzito umegawanyika sawasawa kwa miguu yote miwili. Nyonga zikaikabili kamera, mabega nayo yakaikabili. Viganja vikafumbatana chini ya kitovu na viwiko vikabana mbavu, sawa na beki aliyepangwa kwenye ukuta akingoja mpira wa adhabu upigwe. Mikono ya juu ilijibonyeza ubavuni ikaonekana minene kuliko ilivyo. Kiuno kilipotea kwa kuwa hapakuwa na uwazi hata kidogo kati ya kiwiko na gauni.

Kisha yakaja marekebisho, yote ya shingo kwenda juu. “Inua kidevu kidogo.” Kikainuka, na matundu ya pua yakaielekea lenzi. “Cheka basi.” Midomo ikatanuka, mashavu yakabaki palepale. “Legeza mabega.” Katika maagizo yote ya studio, hili ndilo lisilosaidia kabisa. Aliyekaza magoti amekaza na mapaja na kiuno. Mgongo wa chini unapinda kwenda mbele, kifua kinajitutumua, na mabega yanapanda kusawazisha. Ukimwambia ayalegeze atayashusha kwa nguvu, na sasa atakuwa amekaza misuli mingine ya kuyashikilia huko chini.

Kamera nayo iliongeza la kwake. Ilifungwa lenzi ya milimita 50, ikakaa mita 1.3 tu kutoka kwa bi harusi, tundu la kupitisha mwanga likiwa f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Sababu yake inaeleweka: mpiga picha alitaka kuwa karibu ili aongee naye kwa sauti ya chini. Lakini bi harusi alipoambiwa anyooshe mkono mbele kidogo hina ionekane, ule mkono ulifika kama sentimita 30 mbele ya uso, yaani mita 1 kutoka kwenye lenzi wakati uso upo mita 1.3. Kitu kilicho mita 1 kinaonekana kikubwa kwa asilimia 30 kuliko kikiwa mita 1.3. Kwa hiyo kiganja kilijaa mbele ya uso mdogo. Tena kwa lenzi hiyo, umbali huo na tundu hilo, kina cha sehemu iliyo kali ni takriban sentimita 11 tu, nusu yake mbele ya macho na nusu nyuma. Macho yalikuwa makali na hina ikawa ukungu. Familia iliyomkesha mchoraji hina haiwezi kupokea picha hiyo.

Na lesi? Mwili mzima ulikuwa umeielekea softboksi, mwanga ukaipiga lesi moja kwa moja, maua yake yote yakafutika likabaki bamba jeupe. Kosa hili kwa kawaida huhesabiwa kuwa la mwanga. Ni la mkao: mwili ukigeuzwa upande, mwanga uleule unapita juu ya kitambaa kwa mshazari na kila uzi unatupa kivuli chake.

Kwa nini miguu

Gauni linafika chini, miguu haionekani, basi mpiga picha aliiacha ijisimamie. Wengi hufanya hivyo kwa wateja wa gauni refu, kanzu, dera au buibui. Ila pozi halikatwi pale fremu inapoishia. Mahali uzito ulipo ndipo panapoamua nyonga zikae vipi, nyonga zinaamua uti wa mgongo, uti wa mgongo unaamua mabega, na shingo inapokea kilichobaki. Hata picha ya kichwa na mabega peke yake hubadilika mtu akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Anayebisha asimame mbele ya kioo na kujitazama mabega tu.

Wapiga picha wa zamani hawakuwa na anasa ya kurekebisha kwa kubahatisha. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa kuwa karatasi na filamu vilikuwa ghali. Mteja alipangwa kwanza, kuanzia alivyokaa hadi vidole vilivyolala juu ya nguo, ndipo shata ikafunguliwa. Hapohapo Mombasa, picha za studio ya N. V. Parekh zinaonyesha uangalifu wa aina hiyo: mtu amegeuzwa, mkono umepewa pa kutua, nguo imepangwa. Leo tunapiga picha mia mbili kwa saa tukitumaini moja itatoka.

Kuijenga upya

Jambo la kwanza lilikuwa kuhamisha vitu, si mtu. Bi harusi alisogezwa hadi mita 1.3 kutoka kwenye karatasi ya nyuma. Lenzi ya 85 ikafungwa na kamera ikarudi hadi mita 2.2. Nyuma ya mpiga picha ikabaki mita 1, inatosha. Kwa umbali huo fremu ya wima inameza sentimita 93 hivi za mwili, kuanzia juu ya mtandio hadi chini kidogo ya nyonga, karibu sawa na ile ya kwanza, lakini mkono uliotangulia uso kwa sentimita 20 sasa unazidi kwa asilimia 10 tu. Tundu likafungwa hadi f/8, shata sekunde 1/125, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100. Kina cha ukali kikawa kama sentimita 32. Kimo cha kamera kilishushwa kutoka usawa wa macho hadi usawa wa kifua, kwa sababu fremu inayofika nyonga ikipigwa kutoka juu hufupisha mwili na kukuza kichwa.

Softboksi ilikaa upande wa dirisha, mita 1.1 kutoka usoni, kitovu chake sentimita 70 juu ya macho, ikielekezwa chini. Kipimo cha haraka ni kimulimuli ndani ya jicho, yaani nukta ya taa inayong’aa humo: kikikaa kwenye namba 10 au namba 2 ya uso wa saa, taa iko pazuri. Kikikosekana, aidha taa imepanda mno au mtandio umelifunika paji. Hapa lilikuwa la mtandio. Somo aliusogeza nyuma kwa upana wa vidole viwili na macho yakafunguka.

Baadaye viatu. Alivaa visigino virefu vya sentimita 8, na kiatu kirefu kinausukuma uzito mbele kwenye vidole. Kumtaka mtu auhamishe nyuma akiwa juu ya kiatu hicho ni kumtaka ayumbe. Kumvua peke yake pia hakufai, kwani pindo la gauni limeshonwa kwa kimo cha kiatu na litajikusanya sakafuni. Akavuliwa na kusimamishwa juu ya ubao mpana wenye kimo karibu na kile cha kisigino. Ubao uwe mpana wa kutosha miguu yote miwili na nafasi ya kugeuka. Kipande chembamba kitamrudishia hofu ileile ya kuanguka.

Sasa mwili wenyewe. Mpiga picha hakutumia kulia na kushoto, maneno yanayowachanganya wateja wote waliopata kusimama mbele ya kamera. Alitumia dirisha na mlango, tena akisimama mwenyewe kwa mkao anaoutaka ili bi harusi amuige kana kwamba anajitazama kiooni.

“Bi harusi, elekeza kitovu chako mlangoni.” Mwili ukageuka nyuzi kama 40 kutoka kwenye kamera, ukaipa taa bega. Mabega yaliyogeuka nyuzi 40 yanachukua takriban robo tatu ya upana wake wa mbele, na hapohapo lesi ikaanza kuonyesha maua.

“Mguu wa nyuma ndio unaobeba. Wa mbele umepumzika.” Kuna jaribio dogo la kuhakikisha: ainue kisigino cha mguu wa mbele. Akiyumba, uzito bado upo katikati. Bi harusi huyu aliyumba mara ya kwanza. Akasogezewa mguu wa nyuma karibu, umbali wa shubiri moja, akatulia.

“Goti la mbele lilegee, liangukie kwa mwenzake.” Hapa ndipo picha ilipobadilika, na hakuna aliyegusa mabega. Uzito ulipokaa nyuma, nyonga ya nyuma ilipanda, bega la upande huo likashuka lenyewe kwa sentimita chache, na mstari wa mabega ukaacha kuwa bapa. Mgongo ulipata mpindo mwepesi. Kwa kuwa nyonga zilirudi nyuma na kifua kikabaki mbele, hata uwiano ulibadilika: kilicho karibu na lenzi ndicho kinachoonekana kikubwa, na nyonga zilizo mbali zikaonekana nyembamba.

Kuhusu huo wembamba, neno kidogo. Mafunzo mengi ya mkao yanayosambaa mtandaoni yanachukulia kwamba kila mwanamke anataka kuonekana mwembamba. Pwani usilichukulie hivyo bila kuuliza. Shangazi akiona picha ya bi harusi aliyegeuzwa sana, aliyebanwa kiuno na kutiwa kivuli ubavuni, anaweza kusema mtoto amekonda, na hiyo si sifa. Hapa waliulizwa, wakasema asipunguzwe. Mgeuko ukarudishwa hadi nyuzi 30 na ubao mweupe ukasogezwa upande wa mlango, sentimita 60 kutoka mwilini, ili kivuli kisile ubavu.

Mkono wenye hina

Kanuni inayofundishwa kila mahali inasema: usiionyeshe kamera mgongo wa mkono, onyesha ukingo, upande wa kidole kidogo. Ina sababu nzuri. Mgongo wa mkono ni eneo pana na lina ukubwa unaokaribia uso, kwa hiyo unashindana nao. Ukingo ni mwembamba na unaongoza jicho. Kwa mwanamitindo wa vipodozi kanuni inafaa. Kwa bi harusi aliyekaa saa nzima na zaidi mikono imenyooshwa apakwe hina, kanuni inaficha kitu kilichomleta studioni.

Njia ya kutoka si kuivunja kanuni kwa mikono yote miwili. Mikono miwili iliyofunguka mbele ya kifua ni vitu viwili vikubwa, ukijumlisha uso ni vitatu, na jicho halijui pa kutua. Mkono mmoja ulipewa kazi ya kuonyesha, mwingine ukafuata kanuni.

Upi? Hapa wengi hukosea kwa kuchagua wa karibu na kamera kwa kuwa unaonekana zaidi. Uliochaguliwa ni wa mbali, wa upande wa mlango. Ulipandishwa ukatua juu ya kifua, chini kidogo ya mkufu, kiganja kikiwa ndani na mgongo wa mkono nje. Mkono huo uko karibu na usawa wa uso kwa umbali, kwa hiyo haukui. Umo ndani ya ule ukali wa sentimita 32. Na kiwiko chake kinaondoka ubavuni chenyewe, kikifungua uwazi kwenye kiuno.

Kutua, si kukandamiza. Vidole vilivyobonyeza ngozi au lesi hupauka kwenye viungo na kunyooka. Agizo lililofanya kazi lilikuwa “gusa mkufu kana kwamba unahakikisha upo.” Vidole vikapata cha kufanya. Kisha vikapangwa kwa ngazi: kidole cha shahada kimenyooka zaidi, cha kati kimekunjika kidogo, cha pete zaidi, na kidole kidogo zaidi ya vyote. Uwazi kati ya shahada na cha kati ni mdogo, usizidi sentimita 1. Vidole vilivyochanuka vinakata mchoro wa hina vipandevipande. Kifundo cha mkono kilikunjwa kidogo kwenda juu. Kikinyooka kabisa kutoka kiwiko hadi kucha unapata fimbo. Kikikunjwa kupita kiasi ngozi ya kifundo inajikunja na mchoro wa piko unavunjika hapo.

Bado hina haikuonekana vizuri kwenye picha ya majaribio. Ilikuwa na mng’ao mweupe mgongoni mwa mkono, kutoka kwenye mafuta aliyojipaka. Hina ni rangi iliyoingia ndani ya ngozi. Mafuta yako juu yake, yanarudisha mwanga wa taa kabla haujafika kwenye rangi. Mkono ulifutwa kwa tishu kavu, bila maji wala pombe, kisha ukazungushwa nyuzi chache zaidi kuelekea mlangoni mpaka mng’ao ukatoka. Wekundu ukarudi na mistari ya piko ikasimama. Mkono uliogeukia mlango unapata mwanga mdogo, na ule ubao mweupe uliowekwa kwa ajili ya ubavu ukasaidia na hapa.

Mkono wa karibu ulishuka, ukashika kipande cha gauni kwa vidole vitatu, ukingo ukiikabili kamera, kiwiko kimeacha sentimita 5 hivi kutoka kiunoni. Bangili zilisukumwa juu kidogo zisilundikane juu ya kifundo. Fremu ilikatwa chini ya kiganja hicho na si kwenye kifundo, kwani mkono uliokatwa kwenye kiungo huonekana umepunguzwa.

Yote haya alielezwa kwa maneno, na pale nguo au mtandio vilipohitaji kushikwa, aliitwa somo. Hata kama mpiga picha ni mwanamke, mkono wa somo ni bora: bi harusi ameuzoea, haukazi mwili unapomgusa. Pale lisipoepukika, “naomba nikushike bega, bi harusi” kabla ya kugusa, si baada.

Shingo, uso, na macho ya haya

Uso uliachwa wa mwisho makusudi. Kutoka kwenye mwili unaoelekea mlango, aligeuza pua pole pole kurudi upande wa dirisha mpaka mwanga ukafika kwenye shavu la mbali na kuacha kivuli chepesi kwenye shavu la karibu. Kuna mahali pa kusimama. Uso ukizidi kugeuka, ncha ya pua inavuka ukingo wa shavu la mbali na kuonekana imechomoza. Ukizidi bado, jicho la mbali linabaki nusu. Aidha ukanda wa ngozi uonekane nje ya jicho la mbali, au uso ugeuke kabisa uwe wa ubavu. Katikati ya hapo hapana picha.

Kidevu hakikuinuliwa wala kushushwa. Kilisogezwa mbele. “Niletee paji la uso,” ndivyo alivyoambiwa, na kichwa kikaja mbele kama sentimita 2, kisha kidevu kikashuka kidogo. Kwa anayetazama kutoka ubavuni mkao huo unachekesha, na somo alicheka. Kutoka mbele, ngozi ya chini ya taya inavutika, taya linapata mstari na shingo inarefuka. Ukisema “kidevu mbele” wateja wengi watakiinua; ukitaja paji, hawainui. Kichwa kililazwa kidogo kuelekea bega la karibu, ambalo ndilo lililo juu. Kidogo tu: mkufu mzito ulianza kuteleza upande mmoja, na huo ndio mpaka.

Kisha macho. Familia ilitaka picha ya bi harusi ameinamisha macho, na ni ombi la kawaida. Katika seti ya kwanza aliangalia vidole vyake vya miguu, kope zikafunga kabisa, akaonekana amesinzia. Kinachotakiwa ni macho yashuke bila uso kushuka nayo. Alipewa mahali pa kutazama: sehemu ya chini ya stendi ya taa, mita 1.5 mbele yake, kama nusu mita kutoka sakafuni kwa bi harusi aliyeketi, na juu zaidi ya hapo anaposimama. Kope zinaonyesha wanja na rangi, na ukanda mwembamba wa jicho bado upo. Kamera ilishushwa sentimita 15 nyingine kwa picha hizo pekee.

Kwa picha za kutazama lenzi, aliambiwa afumbe macho, avute pumzi, aitoe polepole, afumbue. Shata ilibonyezwa mwishoni mwa pumzi iliyotoka. Hapo mabega yameshuka bila kuagizwa na midomo imeachana kidogo. Baada ya picha tatu au nne aliachwa atikise mikono na kurudi. Mkao unaoshikiliwa nusu dakika huanza kutetemeka kwenye vidole kabla mtu mwenyewe hajajua amechoka, na hakuna programu ya kuhariri inayorekebisha kidole kilichochoka. Wapo wanaojaribu kushusha bega au kupunguza mkono kwenye kompyuta. Lesi iliyovutwa inajulikana palepale, maua yake yanakuwa mapana upande mmoja.

Picha aliyoitaka shangazi

Baada ya yote hayo shangazi aliomba picha moja ya kukaa, uso mbele, mikono magotini. Mpiga picha alisita. Ilikuwa karibu sawa na kuomba kile kilichokuwa kibaya saa moja kabla.

Sio kilekile. Mkao wa kuikabili kamera una historia ndefu kwenye picha za familia za pwani, ni mkao wa heshima, na picha hiyo ndiyo itakayotundikwa ukumbini. Kilichoharibu seti ya kwanza ni unyoofu wa nusunusu: mwili mbele, kidevu kimeinuliwa, magoti yamekazwa, mikono imejibana. Ukiamua kuikabili kamera, ikabili yote.

Stuli ya sentimita 50 iliwekwa katikati kabisa ya karatasi, na lenzi ikapangwa usawa wa mkufu, si usawa wa macho. Bi harusi alikaa theluthi ya mbele ya stuli. Aliyekaa hadi nyuma huzama, na tumbo na lesi hujikusanya. Mgongo wima, kisha mwili mzima ukaegemezwa mbele nyuzi kama 5 kutoka kwenye nyonga, si kutoka mabegani. Nyayo zote mbili chini, magoti pamoja, miguu imerudishwa kidogo chini ya stuli ili mapaja yasiijie lenzi. Softboksi ilitolewa dirishani ikaletwa juu ya kamera, na ubao mweupe ukawekwa karibu na magoti, nje ya fremu, ukirudisha mwanga chini ya kidevu. Lesi ilianza kufutika tena kwa kuwa sasa imeielekea taa. Nguvu ya flashi ikapunguzwa kwa theluthi mbili za stopu (stopu nzima hupunguza mwanga kwa nusu), na uso ukafidiwa wakati wa kuhariri.

Mikono ndiyo iliyochukua muda. Iliwekwa juu ya mapaja, nusu kati ya nyonga na goti na si magotini hasa, maana kule mbele ingetangulia uso kwa zaidi ya sentimita 40 na kurudia lile kosa la kwanza. Mkono mmoja ukalala juu ya mwingine kwa mshazari, vidole vya juu vikifuata mstari wa kifundo cha chini, michoro yote miwili ikionekana. Viwiko vilitengwa na ubavu kwa upana wa kiganja. Kamera ilirudishwa nyuma hadi mita 2.8, tundu likafungwa hadi f/11 ili hina na macho vyote viwe vikali, na ISO ikapandishwa hadi 200 kufidia. Kichwa hakikulazwa hata kidogo. Somo alisimama nyuma ya kamera, usawa wa lenzi, na bi harusi akamtazama yeye.